Mtoto wa mwalimu wa chuo

Naandika haya kwa ajili ya yule aliyetoka msikitini na wenzake sasa hivi, akapeana nao mikono, akarudi chumbani kwake, na moyoni anajua kwamba alikuwa anainama na kuinuka tu. Nilikuwa mtu huyo kwa miaka mitatu, na sikuwa na wa kumuuliza. Kwa kukosa wa kumuuliza nikafanya makosa, na yale makubwa hayakuniangukia mimi. Yaliwaangukia watu ambao hawakuwa na shaka yoyote na dini yao.

Siandiki ili kumtoa mtu kwenye Uislamu. Kama una imani na inakutuliza, ishike. Haya ni ya yule ambaye imeshamponyoka na hajui aanzie wapi.

Nimezaliwa Tanga, Ngamiani, mwaka 1988. Baba alikuwa mwalimu wa chuo cha Qurani. Kila siku baada ya alasiri watoto walijaa barazani kwetu, wamekaa kwenye mikeka na juzuu zao, sauti zikipanda na kushuka pamoja. Nilianza kusoma kabla sijajua kufunga vifungo vya shati. Nikahitimu msahafu nina miaka kumi na moja, ukasomwa Maulidi, akachinjwa mbuzi, nikavishwa kanzu mpya na kuzungushwa mtaani. Maana ya nilichokihitimu sikuijua, isipokuwa zile sura fupi ambazo baba alikuwa akitufasiria. Nasema hivi bila uchungu. Utoto wangu ulikuwa na harufu ya udi siku ya Ijumaa, kaimati za futari, na kusinzia kwenye tarawehe nikiwa nimeegemea ubavu wa baba. Sijawahi kutamani ningekuwa na utoto mwingine.

Swali la kwanza lilinijia nikiwa na miaka tisa. Nyumba ya pili kutoka kwetu aliishi mama mmoja wa Kibondei, Mkristo, muuguzi. Sisi watoto tulimwita Nesi. Nilipopandwa na malaria kichwani usiku mmoja wa mvua, baba hayupo, yeye ndiye aliyenifunga mgongoni kwa kanga na kunipeleka hospitali kwa miguu. Nilipopona nikamuuliza baba kama Nesi ataingia Motoni. Baba alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Huo ni wasiwasi, mwanangu. Sema audhubillahi, ukalale." Nikasema, nikalala. Kwa miaka mingi hiyo ndiyo ikawa dawa yangu: swali likija, audhubillahi na usingizi.

Usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikitoka Unguja kwenda Pemba. Idi ilikuwa imepita siku chache tu, watu wanarudi makwao. Ndani yake alikuwemo rafiki yangu, mtoto wa Pemba aliyelelewa kwa shangazi yake pale Tanga na kusoma chuo kimoja na mimi, mkeka mmoja. Hakuonekana tena. Tulimswalia swala ya ghaibu.

Nilikuwa Dar nikisoma. Ijumaa iliyofuata khatibu alisema juu ya mimbari kwamba ajali haina kinga, kwamba kila nafsi imeandikiwa siku yake, na aliyekufa maji ni shahidi. Waliokuwa mbele yangu walilia kwa faraja. Mimi nilibaki nimeganda. Meli ile ilipakia watu na mizigo kupita kiasi, kila mtu alikuwa akilisema hilo mitaani. Basi nikajiuliza: kama imeandikwa, aliyeipakia ana kosa gani? Na kama ana kosa, kilichoandikwa ni nini? Siku ile sikusema audhubillahi.

Ndugu zangu walikuja kusema niliacha dini kwa sababu ya msiba. Kwa muda mrefu nilikataa, nikitaka ionekane ni akili peke yake iliyonifikisha hapa. Leo nakubali kwamba msiba ulifungua mlango. Nakushauri nawe ujiulize mapema, peke yako, kinachokusukuma ni swali au ni jeraha. Mara nyingi vyote viwili vimo, na jeraha linataka tiba yake. Mimi nililitibu jeraha kwa mabishano, na halikupona.

Ramadhani ya 2013 nilichukua kabatini kwa baba Qurani Takatifu, tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy iliyotoka kamili mwaka 1969. Nilikusudia kuimaliza kwa Kiswahili, juzuu moja kwa siku, nikiamini itanirudisha. Yapo niliyoyapenda na bado nayapenda. Lakini nilipofika Sura ya Nahli, aya ya 93, nilisimama. Inasema Mwenyezi Mungu humpoteza amtakaye na humuongoza amtakaye, na hapo hapo inasema mtaulizwa kwa mliyokuwa mkiyatenda. Nilisoma maelezo ya chini, nikasoma tena. Nikamuona Nesi na kanga yake ya mvua. Nikamuona rafiki yangu, na yule aliyeipakia meli. Najua wanachuoni wamejibu swali hili kwa karne nyingi. Majibu yao niliyatafuta na kuyasoma. Hayakunitosha. Siwezi kulisema kwa namna nyingine.

Jambo moja nililolifanya sawa ni kumtafuta mzee mmoja wa Dar, mtu wa elimu na mtaratibu, nikamfungulia moyo. Hakunifokea. Alinisimulia habari za Imam Ghazali, mwanachuoni mkubwa wa zamani, ambaye naye alipatwa na shaka kwa karibu miezi miwili, akaponywa, kwa maelezo yake mwenyewe, si kwa hoja bali kwa nuru aliyotiwa kifuani na Mungu. "Endelea kuswali," mzee akaniambia, "usiifukuze." Niliendelea miezi minane. Niliamka usiku, nililia kwenye msala, niliomba kwa Kiswahili kwa sababu Kiarabu kiliniishia. Nuru haikuja. Hata hivyo sijutii miezi ile. Kama una shaka, tafuta mtu wa namna hiyo kabla hujamtafuta mtu wa mitandaoni, wa upande wowote. Ukirudi kwenye imani utakuwa umerudi na kitu. Usiporudi, hutabaki ukijiuliza kama ulikuwa mvivu wa kutafuta.

Ikafika siku fulani mwaka 2014, nimetawadha, nimesimama, na sikuweza kutoa takbira. Nilikunja msala nikauweka juu ya kabati. Nilidhani nitahisi uhuru. Nilichohisi ni hofu. Mchana kichwani nilikuwa nimeshamaliza, lakini usiku nilikuwa bado mtoto wa chuo. Niliota Munkari na Nakiri, malaika wa kaburini, wananiuliza Mola wangu ni nani na ulimi umekauka. Niliamka nimelowa jasho. Hili ni jambo ambalo ningependa mtu angeniambia: hofu ya Moto haiondoki siku ile imani inapoondoka. Uliipata ukiwa na miaka mitano, itakaa. Kwangu ilichukua miaka miwili kupungua. Isikufanye uamini kwamba umekosea, wala isikufanye ukurupuke kuthibitisha kwamba huogopi. Usingizi uliponikataa kabisa nilikwenda hospitali, nikamweleza daktari ukweli wote, akanipeleka kwa mshauri. Ningekwenda mapema zaidi.

Sasa nifike kwenye kosa lenyewe.

Ilikuwa Ramadhani ya 2016, kumi la mwisho. Shemeji yangu aliweka kwenye kundi letu la familia la WhatsApp sauti ya mhadhiri akisema asiyeswali hafai kuzikwa na Waislamu. Hakunilenga mimi, hilo nilikuja kulijua baadaye. Lakini sikuwa nimelala siku mbili, na miaka ya kunyamaza ilikuwa imenijaa kooni. Saa nane za usiku nikaandika. Niliandika habari za Nesi, za meli, za aya. Nikaandika kwamba mimi si Mwislamu tena. Nikaongeza maneno juu ya Mtume ambayo sitayarudia, kwa kuwa hayakuwa hoja, yalikuwa matusi. Nikatuma, nikazima simu, nikalala usingizi ambao sikuwa nimeupata mwaka mzima.

Nilipoiwasha saa tatu asubuhi ujumbe wangu ulikuwa umeshapigwa picha. Kabla ya adhuhuri ulikuwa Ngamiani yote.

Baba hakunipigia. Chuo chake kilikuwa na watoto sitini na kitu. Hakuna mzazi aliyekuja kumtukana; ingekuwa nafuu. Walikuja mmoja mmoja, kwa adabu, shikamoo mwalimu, mtoto anahamia kwa bibi yake, mtoto ana masomo ya ziada jioni. Kufikia Mfungo Tatu walibaki kumi na wanne. Aliyeshindwa kumfundisha wa kwake atawafundishaje wa watu? Hakuna aliyemwambia hivyo usoni, ila baba alikuwa mtu wa kuelewa lisilosemwa. Pesa ya chuo ilikuwa ndogo, lakini ndiyo iliyonunua mchele. Nikaanza kutuma shilingi laki moja kila mwezi. Mama aliipokea. Baba, aliniambia mama, hakuila; alikula kilichopatikana kwa wale kumi na wanne.

Nimelifikiria jambo hili kwa miaka. Sikupaswa kusema uongo maisha yangu yote, hilo bado naliamini. Lakini nilikuwa na njia nyingine. Ningepanda basi, nikae na baba barazani watoto wakishaondoka, nimwambie yeye kwanza, kwa sauti ya chini, ili achague mwenyewe nani mwingine ajue. Niliiona shaka kuwa yangu peke yangu, nikasahau kwamba jina tunalotumia ni la nyumba nzima. Basi usiandike usiku. Usiandike una hasira. Usiandike kwenye kundi lolote, hata la watu watatu. Chagua mtu mmoja anayekupenda kuliko anavyopenda kushinda, umwambie mdomo kwa mdomo. Na kabla hujamwambia hata huyo, hakikisha unalala kwako, unakula chako. Nimewajua vijana waliofukuzwa nyumbani wakiwa kidato cha tano, hawana hata nauli.

Na matusi ni jambo jingine kabisa. Mwaka 2012 nilikuwa Dar makanisa yalipochomwa Mbagala kwa sababu ya ugomvi wa watoto wawili juu ya msahafu. Niliona kwa macho yangu moshi na watu wanakimbia, na bado miaka minne baadaye nikaandika yale. Katiba yetu, ibara ya 19, inakupa uhuru wa kubadili dini au imani yako. Haikupi ruhusa ya kuikashifu ya wenzako, na Kanuni ya Adhabu inalitambua kosa hilo. Kama uko Oman au nchi nyingine ya Ghuba kwa kazi, usiandike chochote juu ya jambo hili. Kule sheria ni kali na kibali chako kiko mikononi mwa mwajiri.

Wiki iliyofuata Idi mama alikuja Dar na mjomba. Hawakuja kunigombeza. Waliamini nimechezewa, au nina jini. Walikuwa wameshampata mtu wa kisomo Temeke. Nilisomewa usiku tatu, ubani ukifuka mpaka macho yanawasha, nikanyweshwa kombe: aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa marashi. Gharama yake ilikuwa laki mbili na nusu. Baadaye nilijua mama aliuza hereni zake.

Nilikubali kwa sababu nilidhani nampa mama amani. Kumbe nilimpa tumaini. Alirudi Tanga akiwaambia watu mwanangu amepona, na wiki mbili baadaye aliponiuliza kwenye simu, "Umeswali?", nikamwambia hapana. Alikata simu. Aliumia mara ya pili, safari hii kwa mkono wangu. Ningemwambia tangu mwanzo, kwa upole: mama, sina maradhi, nitakaa nawe, nitakula nawe, lakini kisomo usilipe. Mimi sikupigwa wala kufungiwa. Kama anayekusomea anainua fimbo, au wanataka kukufunga, ondoka hapo bila kusubiri kumalizana nao.

Na kulikuwa na mchumba. Posa ilikuwa imeshakubaliwa, nusu ya mahari nimeshatoa. Yeye alikuwa mtu wa swala tano, na nilikuwa nimejiambia nitamweleza tukishazoeana ndani ya nyumba. Aliiona ile picha kwa shoga yake. Alinipigia mara moja tu, hakulia, akaniuliza: "Ulikuwa unanioa ukiwa hivyo?" Kwa sheria ya dini yake ndoa ile isingekuwa ndoa, na nilikuwa nikilijua hilo. Hili silitafutii sababu. Mwenzako ana haki ya kujua kabla ya posa, si baada yake. Mahari sikudai irudishwe.

Baada ya hapo nilikuwa peke yangu, na waliofurahi walinitisha. Wafanyakazi wenzangu walokole walinikumbatia, wakaniletea Biblia, wakaanza kuniombea kwa sauti. Kwao, aliyetoka msikitini ni lazima anaelekea kanisani. Wengine wa mitandaoni walitaka nitoe ushuhuda kila wiki dhidi ya Waislamu, na kwa miezi michache nilifanya hivyo, nikiona utamu wake. Niliacha siku niliposikia sauti yangu mwenyewe kwenye simu. Ilifanana na ya yule mhadhiri.

Yapo mambo ya makaratasi ambayo hatuyafikirii tukiwa vijana. Kwetu dini haiishii moyoni; inakuoza, inakuzika, inagawa vitu vyako. Nilipopata wa kuishi naye miaka minne baadaye, tulifunga ndoa ya serikali bomani. Unatoa taarifa siku 21 kabla, basi. Sheria ya Ndoa ya 1971 inairuhusu. Nimeandika wosia na kuuhifadhi RITA, wakala wa serikali. Huku Bara mirathi inaweza kugawanywa kwa sheria ya serikali, ya mila au ya Kiislamu, na mahakama hutazama marehemu aliishi vipi. Ukiwa na jina kama langu na hujaandika kitu, watu watakusemea. Nimeandika pia nani anizike na wapi, nikampa nakala mdogo wangu. Alisoma, akaikunja, akasema, "Sawa, kaka." Mikono ilikuwa inamtetemeka.

Mwaka 2019 baba alinikubali tena barazani. Tulikaa muda mrefu tukizungumza habari za bei ya karafuu na mguu wake unaouma. Nilipoaga, akasema bila kunitazama: "Lile swali lako la Nesi, hata mimi nilikuwa nalo. Mimi nilimwachia Mungu. Wewe umeshindwa kumwachia." Sikubishana. Yalikuwa maneno ya kweli zaidi niliyowahi kusikia juu yangu, na yametoka kwa mtu niliyemharibia chuo chake.

Alifariki 2021. Nilifika alfajiri kwa basi la usiku. Wakati wa kumuosha, mjomba alinivuta pembeni akanishika bega. Hakusema kitu, nami nikaelewa. Wadogo zangu wakaingia nyuma ya pazia, mimi nikabeba maji. Ndoo kumi na moja kutoka bombani. Kwenye swala ya jeneza nilisimama nyuma ya safu, mikono chini. Kaburini aliingia mdogo wangu. Mimi nilitupa udongo mara tatu kama wengine. Ilipofika mirathi sikudai fungu. Kwa sheria aliyoishi nayo baba, asiye Mwislamu hamrithi Mwislamu, na nyumba ile ilijengwa kwa sheria hiyo. Wadogo zangu walitaka kunipa chumba kama zawadi. Niliomba ile tafsiri ya kabatini. Ninayo.

Mama sasa anaishi na dada. Kila Ramadhani, saa kumi kasoro za usiku, simu yangu inaita, kama alivyokuwa akinigongea mlango nikiwa mdogo. Mwaka wa kwanza baada ya baba kufariki nilimwambia, "Mama, unajua sifungi." Akasema, "Najua. Amka tu unywe chai." Naamka, nachemsha maji, naweka simu mezani ikiwa na sauti, yeye anakula daku lake kule na mimi nakunywa chai yangu huku, mpaka adhana inaposikika upande wake na kuniambia ngoja nikaswali.